Oda inakuwa mauzo lini?

Mhasibu wa duka letu la mtandaoni hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe na laptopu mkononi, akaiweka mezani kwangu, akaniwekea kidole kwenye mistari miwili. Oda namba 10482, saa 8:14 usiku. Chini yake, oda namba 10482, saa 8:16 usiku. Mteja yuleyule, vitu vilevile, kiasi kilekile mpaka senti ya mwisho, ila invoisi mbili tofauti kwenye vitabu.

"Mdogo wangu, huyu mtu kanunua mara mbili?"

Hapana dada, kanunua mara moja.

"Sasa mbona vitabu vinasema mara mbili?"

Tukaanza kushuka na orodha pamoja, mimi nasoma namba yeye anatia alama, na kila tukifika mahali nikidhani zimeisha inatokea nyingine. Zikafika 37. Na yeye alikuwa ameshafunga hesabu za mwezi na ripoti ameshaituma juu.

Kosa lenyewe nililirekebisha siku ileile. Ila wiki zilizofuata sikutulia kabisa, kwa sababu mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu tuzime muunganiko wa ndani, ule unaokuja na programu yenyewe, tuhamie kwenye mfumo wa kati unaokaa katikati ya programu na kubeba data huku na huku. Na sababu nilizotoa siku ile nikizisoma leo bado naziona ni sababu nzuri.

Hapo ndo paliponisumbua. Sababu nzuri, matokeo mabaya, na sijui nilikosea wapi.

## Kwa nini tulihama

Muunganiko wa ndani kati ya duka letu la mtandaoni na programu ya uhasibu tuliutumia miaka miwili. Kuuwasha ilikuwa kazi ya dakika chache, unabonyeza, unaingia kwa akaunti yako, unachagua mauzo yaende akaunti gani, basi. Na ulifanya kazi, sitaki kuusingizia.

Tatizo lilikuwa gharama ya kusafirisha mzigo. Ule muunganiko ulikuwa na sehemu moja tu ya kuchagua akaunti, kwa hiyo hela ya bidhaa na hela ya usafirishaji vyote viliingia kapu moja. Mhasibu alitaka vitenganishwe, na ana haki, huwezi kujua kama usafirishaji unakutia hasara kama umeuchanganya na mauzo. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anatoa data kwenye eksel anachambua mstari kwa mstari kwa mkono. Tukawaandikia watu wa sapoti, wakajibu vizuri tu kwamba ombi letu limewekwa kwenye orodha. Miezi ikapita, tukauliza tena, jibu lilelile.

Siwalaumu sana. Mtu anayetengeneza muunganiko wa ndani anatengeneza kitu kimoja kivaliwe na maelfu ya biashara ambazo hazifanani, lazima atakata kwa kipimo cha wengi, na wewe ukiwa na bega pana kidogo utabanwa tu.

Nilipokuja kutafuta historia ya hili jambo nikakuta ni la zamani kuliko nilivyodhani. Neno lenyewe la Kiingereza la mifumo ya kati, middleware, limo kwenye ripoti ya mkutano wa wataalamu wa programu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Oktoba 1968, chini ya NATO. Aliyelieleza pale ni Alexander d'Agapeyeff, na hoja yake ilikuwa kwamba programu za kushughulikia mafaili anazokupa mtengenezaji wa kompyuta, hata ziwe nzuri namna gani, hazikufai moja kwa moja kwa kazi yako, kwa hiyo lazima kuwe na tabaka la katikati la kuziba pengo. Leo neno linabeba maana pana zaidi, ila lile pengo ni lilelile. Mhasibu wetu na eksel yake alikuwa amekaa ndani ya pengo hilo kila mwisho wa mwezi.

Basi tukahama. Siku ya kwanza kuona mishale kwenye skrini, duka hapa, uhasibu pale, filta (sheria za kuchuja data) katikati, hela ya usafirishaji inachepuka kwenda akaunti yake, nilifurahi kweli. Mhasibu alifurahi zaidi. Miezi mitatu hakugusa eksel.

## Saa 8:14 usiku

Nilifungua logi, yaani kumbukumbu za mfumo, za usiku ule nikakuta hivi. Mfumo wa kati ulituma invoisi. Ukasubiri sekunde 30. Hakuna jibu. Ukaandika "imeshindikana", ukapumzika kidogo, ukatuma tena saa 8:16, safari hii jibu likarudi haraka, ukaandika "imefanikiwa". Kwa upande wake umefanya kazi yake vizuri, jaribio moja limefeli na moja limefaulu.

Ila kwa upande wa uhasibu ile ya kwanza ilikuwa imefika. Imepokelewa, imeandikwa, imepewa namba. Kilichochelewa ni jibu tu, kwa sababu usiku ule seva yao ilikuwa nzito.

Wanaosomea kompyuta wana mfano wao wa hili, majenerali wawili, jina ambalo mtaalamu wa kompyuta Jim Gray aliliandika 1978. Majenerali wako vilima viwili, adui yuko bondeni katikati, na lazima washambulie pamoja. Mmoja anatuma mjumbe apite bondeni aseme "kesho alfajiri". Sasa mjumbe amefika au amekamatwa? Basi yule wa pili atume mjumbe wa kusema "nimepata". Na huyo naye amefika? Hata ukituma wajumbe mia, aliyetuma wa mwisho hana uhakika kama ujumbe wake umepokelewa. Hakuna ujanja wa kulimaliza hilo, imethibitishwa kihesabu.

Kwa hiyo anayetuma data ana njia mbili tu pale jibu lisiporudi. Asitume tena, akubali kwamba huenda invoisi imepotea. Au atume tena, akubali kwamba huenda zimekuwa mbili. Mifumo mingi inachagua kutuma tena, na mimi nakubaliana nayo, kwa sababu kilichozidi utakiona kwenye vitabu lakini kilichopotea hakionekani. Ila ukichagua hivyo, lazima anayepokea awe na uwezo wa kusema "hii nimeshaipata, chukua jibu la mwanzo". Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wanafanya hivyo, unatuma ombi na ufunguo wako usiojirudia, ukirudia ombi na ufunguo uleule wanakurudishia matokeo ya mara ya kwanza badala ya kumkata mteja hela mara mbili.

Sisi hatukuwa na kitu kama hicho. Kwenye programu yetu ya uhasibu kuna mpangilio wa kukataa invoisi yenye namba ya rejea iliyokwishatumika, ila lazima uuwashe, na namba ya rejea lazima uijaze wewe. Mimi ile sehemu niliiacha wazi.

Nikarudi kwenye invoisi za ile miaka miwili ya muunganiko wa ndani. Nikafungua moja, mbili, kumi. Zote zina namba ya oda kwenye sehemu ya rejea.

Yaani ule muunganiko nilioudharau kwa kuwa na sehemu moja tu ya kuchagua, ulikuwa unatukinga na hili kila usiku kwa miaka miwili na haukutuambia. Mtu fulani aliyeutengeneza alishapita kwenye shimo hili, akaliziba, akaendelea na safari. Tulipouzima tuliona tunaachana na vikwazo vyake, hatukuona kwamba tunaachana pia na kila kitu alichokijua yule mtu.

## Ile hesabu ya mistari

Ukisoma chochote kuhusu mifumo ya kati utakutana na hesabu hii. Programu 4 zikiunganishwa kila moja na kila nyingine zinahitaji miunganiko 6. Zikiwa 6 inakuwa 15. Zikiwa 10 inakuwa 45. Wakati ukiweka mfumo wa kati, programu 10 ni miunganiko 10 tu, kila moja na katikati. Mchoro unaonekana kama utando wa buibui upande mmoja na jua lenye miale upande wa pili, na nani anataka utando wa buibui.

Niliitumia hesabu hiyo mwenyewe kwenye kikao cha kuwashawishi wenzangu.

Sa hivi siiamini sana. Hesabu ni sahihi, ila hakuna anayeunganisha kila kitu na kila kitu. Sisi tuna programu 6 na zinazohitaji kuongea ni jozi 5 tu, programu ya mishahara haina lolote la kuiambia programu ya kutuma barua pepe kwa wateja. Afu ule mchoro wa jua hausemi kwamba kati ikizimika, miale yote inazimika pamoja. Wala hausemi kwamba pale katikati ndipo funguo za programu zako zote zilipowekwa, mtu akiingia pale ameingia kote. Kama unataka hesabu ya kweli, kaa chini uhesabu jozi zako wewe.

## Swali ambalo sikuliuliza

Baada ya zile 37 nilitaka kurudi kwenye muunganiko wa ndani. Nilishafungua hadi ukurasa wa kuuwasha. Kilichonizuia ni kwamba mhasibu angerudi kwenye eksel, na nilimwona alivyokuwa anaishi mwisho wa mwezi.

Nikaamua kabla sijabonyeza chochote niwakalishe watu watatu: mhasibu, kaka anayesimamia stoo, na dada wa mauzo. Nikawauliza kitu nilichodhani ni cha utangulizi tu, ili tukipita haraka tuingie kwenye mambo ya filta.

Oda inakuwa mauzo lini?

Dada wa mauzo akasema mteja akilipa. Kaka wa stoo akasema hapana, mzigo ukitoka getini, kwa sababu kuna oda zinalipiwa afu zinafutwa kabla hata hajazifungasha. Mhasibu akanyamaza kidogo, akasema vyote viwili havitoshi. Kwenye viwango vya uhasibu vya kimataifa kuna IFRS 15, imeanza kutumika rasmi Januari 1, 2018, na inasema mapato yanatambuliwa pale udhibiti wa bidhaa unapohamia kwa mteja. Hela aliyolipa kabla ya hapo si mauzo bado, ni deni, sisi ndo tunadaiwa mzigo.

Nikamuuliza, sasa dada, miaka miwili yote invoisi zilikuwa zinaingia lini?

"Oda ikiundwa. Mwisho wa mwaka nazirekebisha kwa mkono zile ambazo hazijafika. Nilidhani ndo mifumo ilivyo."

Nilikaa kimya. Muunganiko wa ndani ulikuwa umeshatujibia lile swali tangu siku ya kwanza, na jibu lake halikuwa jibu la yeyote kati ya wale watatu. Hatukujua hata kwamba swali lipo. Halafu mimi nilipojenga mtiririko mpya kwenye mfumo wa kati, pale mwanzo kabisa unapochagua tukio la kuanzia, nilichagua "oda ikiundwa". Kwa nini? Kwa sababu ndo lilikuwa la kwanza kwenye orodha, na ndo tulivyozoea. Nikabeba jibu la mtu nisiyemjua nikalihamishia nyumba mpya, nikaacha kinga yake nyuma.

Toka siku hiyo siangalii tena hii mada kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi au kipi ni rahisi. Muunganiko wa ndani ni rundo la maamuzi kuhusu biashara yako yaliyofanywa na mtu mwingine, mengi mazuri, mengine hayakufai, na karibu yote hayaonekani. Mfumo wa kati hauna maamuzi, unakuuliza wewe. Kama wewe na wenzako hamjaamua, jibu litaandikwa na mtu mmoja usiku ndani ya filta, na miezi sita baadaye hakuna atakayejua lilitoka wapi.

Mimi nilikuwa huyo mtu mmoja.

## Wakubwa wakigombana

Kuna watu wataniambia chagua ya ndani sababu ina mwenyewe, kampuni kubwa inaisimamia. Ni kweli mpaka siku wenyewe wakikosana. Machi 2019 Mailchimp, wa kutuma barua pepe kwa wateja, na Shopify, wa maduka ya mtandaoni, walishindwa kuelewana kuhusu masharti ya data za wateja, muunganiko wao ukaondolewa. Wenye maduka hawakuwa wamekosea lolote, waliamka wakakuta wanatakiwa kutafuta njia nyingine, na baadhi yao waliokolewa na mifumo ya kati hiyohiyo. Kampuni hizo mbili zilirudiana 2021. Kama duka lako linategemea barua pepe kuuza, miaka miwili si kitu cha kusubiri.

Ila na wa kati nao wanakufa. Automate.io, mmoja wa mifumo ya kati, ilinunuliwa na kampuni ya programu ya Notion 2021, na mwisho wa Oktoba 2022 huduma ikazimwa. Kila aliyekuwa na mitiririko pale ilibidi aijenge upya sehemu nyingine kisanduku kwa kisanduku (kila hatua ya mtiririko ni kisanduku kwenye skrini), kwa sababu mtiririko uliojengwa kwenye mfumo mmoja wa kati kwa kawaida haufunguki kwenye mwingine. Hapo ndo uliyeandika sheria zako ndani ya visanduku tu, bila kuziandika popote pengine, unaanza kuzisoma kwenye picha za skrini.

Kuhusu bili sitakaa sana, ila angalia wanahesabu nini. Chukua mifumo miwili ya kati: Zapier wanahesabu kila kitendo kilichofanikiwa, n8n kwenye huduma yao ya wingu wanahesabu mzunguko mzima kama mmoja. Oda yenye vitu 12, ukituma kila kitu kama kitendo chake, ni vitendo 12 kwa mmoja na mzunguko mmoja kwa mwingine. Kabla hujalinganisha bei, chora mtiririko wako uhesabu.

## Tulichofanya

Tulipita jozi zetu 5 moja moja, na kwa kila moja nikauliza kitu kimoja: hapa kuna yeyote kati yetu anayebishana kuhusu maana?

Malipo kwenda uhasibu, hakuna. Hela imeingia au haijaingia, hakuna wa kubisha. Tukarudisha muunganiko wa ndani na nilifurahi kuurudisha. Idadi ya bidhaa stoo kwenda dukani, hivyohivyo. Orodha ya wateja kwenda kwenye barua pepe, ya ndani pia, ingawa ile habari ya 2019 imenifanya nihifadhi nakala ya orodha kila wiki sehemu yetu wenyewe. Moja nyingine tukagundua haihitajiki kabisa, data ilikuwa inaenda mahali ambapo hakuna anayeisoma, tukaizima.

Iliyobaki ni mauzo na marejesho kwenda uhasibu. Hii ndo tunabishana, na hii ndo tumeiacha kwenye mfumo wa kati. Safari hii nimeanza na karatasi. Mistari tisa, kwa Kiswahili cha kawaida, mhasibu ameisoma kwa sauti na kaka wa stoo ameisikia. Mstari wa kwanza: invoisi inatengenezwa mzigo ukithibitishwa umefika. Wa pili: namba ya rejea ni namba ya oda pamoja na aina ya tukio, na uhasibu ukataze kurudia. Ikaendelea hivyo. Kila kisanduku kwenye mtiririko kina namba ya mstari wake, ukibofya unaona kinatekeleza mstari gani, na kisicho na mstari hakikai. Viunganishi vyote nimevitoa kwenye akaunti yangu binafsi nikaviweka kwenye akaunti ya kazi, maana nikiondoka kesho na akaunti yangu ikafungwa kila kitu kingesimama na mimi.

Bado nina mashaka, sitaficha. Kazi ya kuulinda huu mtiririko ni yetu sasa. Programu ya uhasibu ikibadilisha API yao, yaani mlango ambao programu nyingine zinaongea nayo, ni sisi wa kuamka. Nimemfundisha mwenzangu mmoja, tumekaa siku mbili, na kabla hajaweza kuurekebisha peke yake bila kuniuliza sitasema tumemaliza. Kama tungekuwa watu watatu tu kwenye biashara nzima, nadhani ningerudi ndani kwa kila kitu, mhasibu tungemsaidia kwa eksel nzuri zaidi.

## Mstari wa sita

Tulipofika mstari wa sita, bidhaa ikirudi, kaka wa stoo akauliza. Ikirudi imeharibika, haiuziki tena, inakuwaje? Mteja anarudishiwa hela, sawa, lakini stoo isiandike kwamba imeongezeka moja, na ile hasara iingie wapi?

Tukaangaliana. Mhasibu akasema inategemea nani ameiharibu, msafirishaji, mteja au sisi wenyewe kwenye kufungasha. Hatukuwa na jibu siku ile na muda ulikuwa umekwisha.

Zamani ningeweka kitu chochote pale ili mtiririko upite, na wangu ungepita vizuri tu. Safari hii nikauacha usimame. Marejesho yakiwa na alama ya "imeharibika", mfumo haufanyi chochote, unamtumia mhasibu ujumbe wenye namba ya oda na picha iliyopigwa stoo, na unasubiri.

Ijumaa iliyopita ukasimama kwa mara ya kwanza. Boksi limepondeka kona moja, gundi ya stoo bado imeshika vizuri. Nilimwona mhasibu akisoma ujumbe, akainua simu akampigia kaka wa stoo, wakaongea kama dakika kumi hivi, wakakubaliana ni ya msafirishaji na anadaiwa yeye. Halafu akaja mezani kwangu, safari hii bila laptopu, akaniomba ile karatasi. Chini ya mstari wa tisa akaandika wa kumi kwa mkono wake.